Piga shoti inveta yako kabla mteja hajaipiga

Wasee, video yangu iliyotazamwa kuliko zote ni ile ya inveta ya wati 1500. Mnaijua. Niko na tisheti nyeusi, betri mbili ziko sakafuni, halafu nawasha taa, feni na blenda kwa wakati mmoja na kelele inajaa chumba. Mwishoni naigonga boksi kwa kiganja na kusema, "Hii mashine haifi." Kuna watu wengi wameitengeneza kwa kufuata mchoro nilioweka pale.

Inakufa. Nakuja kusema hivyo kwa mdomo wangu kwa sababu niliuza moja.

Niliiuzia mama mmoja wa Ruiru ambaye hutotolesha vifaranga. Ana inkubeta ya mayai 264, trei tatu za 88, na stima ya kwao hupotea vile inavyotaka. Yai la kuku huchukua siku 21. Siku ya 18, saa nane usiku, stima ikaenda na inveta yangu ikashika kazi vizuri tu. Shida ni kwamba panya alikuwa ameshakula ekstensheni iliyopita nyuma ya magunia ya chakula. Nyaya mbili zikagusana. Mama alisikia "pah!" kama risasi, akadhani ni wezi, akajifungia ndani hadi kukapambazuka. Alipofungua banda mayai yalikuwa baridi. Walitoka vifaranga 31.

Nilienda siku hiyo mchana. Transista mbili kati ya nne zilikuwa zimepasuka katikati, nyeusi tititi, na draiva zake zimeenda nazo. Fyuzi ya ampea 100 upande wa betri ilikuwa imekatika pia, safi kabisa, kama mtu aliyefanya kazi yake. Mama akaniuliza, "Sasa kijana wangu, ni nini hii?" Nikamwambia ni stima ya huko kwao, imerudi na nguvu nyingi.

Uongo mtupu. Stima haikuwa hata imerudi. Na akanilipa transista mpya na nauli.

Hiyo kitu imenikaa kooni miezi minne. Kwa hivyo maoni yangu ya leo ni haya, na najua yataniletea maadui: kama hujawahi kuipiga shoti inveta yako mwenyewe, kwa makusudi, ikiwa na volti zake zote, hufai kuiuza. Sijali umefunga transista ngapi. Sijali umeandika wati ngapi kwenye stika. Mteja ataipiga shoti siku moja, yeye au mtoto wake au panya wake, na jibu la siku hiyo unafaa kuwa ulishaliona mezani kwako.

Wacha niwaeleze vile ile mashine ilikufa, kwa sababu niliketi na hesabu na ndio nikaelewa ujinga wangu ulikuwa wapi. Betri inatoa volti 24. Zinapandishwa hadi volti 380 za DC, na hizo zinakaa kwenye kapasita mbili kubwa, maikrofaradi 470 kila moja. Halafu kuna IGBT nne, mbili juu mbili chini, zinakatakata zile volti 380 mara 20,000 kwa sekunde. Koili iliyo mbele inalainisha hivyo vipande viwe wimbi la volti 240 la kawaida.

Nyaya zikigusana nje, umeme bado lazima upite kwenye koili, na koili inakusaidia kwa muda kidogo. Yangu ilikuwa ya milihenri 1. Ukiipa volti 380, mkondo unapanda kwa karibu ampea 0.38 kila maikrosekunde moja. Ni kama matatu inayopanda mlima na gia ya kwanza. Ikifika kama ampea 40 kiini cha koili kinashiba sumaku, na kuanzia hapo ile si koili tena, ni waya tu umeviringwa. Mkondo unaruka.

Sasa angalia transista. Darasani tulichorewa transista kama swichi: imewashwa ama imezimwa. (Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilinishinda, hiyo tulishaongea.) Hakuna mtu alituambia kuna hali ya tatu, imewashwa na inakufa. IGBT haipitishi mkondo usio na mwisho. Geti ikiwa na volti 15, ile yangu ya ampea 40 inaweza kufika tuseme ampea 200, kisha inagoma. Ikigoma, volti kati ya kolekta na emita, ambayo kawaida ni kama 2 hivi, inapanda kuelekea zile 380 zote. Piga hesabu: 380 mara 200 ni wati 76,000, ndani ya kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha wako wa kidole gumba.

IGBT nyingi zilizoundwa kuvumilia shoti zinakuahidi maikrosekunde 10 za mateso kama hayo. Za kizazi kipya nyingi ni 5 ama 6. Na ziko zingine, hasa zile za kasi, ambazo datashiti haitaji huo muda mahali popote. Nilikuwa nadhani kimya hicho ni sawa tu. Kumbe maana yake ni kwamba hujaahidiwa chochote.

Inveta yangu ilikuwa inakata mara 20,000 kwa sekunde, yaani kila mkupuo una maikrosekunde 50. Pale kwenye kilele cha wimbi, transista inabaki imewashwa karibu 45 kati ya hizo. Draiva ya geti niliyotumia ilikuwa TLP250. Ni draiva nzuri, siitukani, lakini haina macho. Ikiambiwa washa, inawasha, na itaendelea kushikilia geti na volti 15 hata kama transista inageuka makaa. 45 dhidi ya 10. Ile ya kwanza ikafa, na IGBT ikifa hivi kwa kawaida hubaki imeshikana, ni waya. Punde mwenzake wa mguu huohuo akawashwa, na sasa hakuna hata koili katikati. Ni kapasita, maiti, na transista nzima inayoingizwa motoni. Hiyo ndiyo iliyolia pah.

"Lakini nimeweka fyuzi." Naisikia kila siku, na mimi mwenyewe niliisema kwa ile video. Fyuzi yangu ilikuwa upande wa betri. Zile kapasita mbili zikiwa na volti 380 zimebeba karibu jouli 68. Wati 76,000 kwa maikrosekunde 10 ni jouli 0.76. Kwa hivyo nguvu ya kuua transista karibu mara 90 ilikuwa tayari imevuka fyuzi na inangoja. Na hata ungeihamisha fyuzi ikae mbele ya kapasita, fyuzi ya kawaida inahesabu milisekunde. Wewe uko na maikrosekunde. Fyuzi yangu ilizuia banda la mama lisiungue, na kwa hiyo naiheshimu, usiitoe. Lakini haikuwekwa pale kuokoa transista. Vilevile ule ulinzi wa mzigo mzito ulio kwenye chip nyingi za inveta umecheleweshwa kwa makusudi, ndio friji iweze kuanza bila kukatiwa. Ni wa kazi nyingine.

Halafu kuna dawa ya pili ya mtaani: weka kubwa zaidi. Mzee aliyenifunza kushika chuma cha solda bado anaamini hivyo. Nilimpelekea zile transista zilizopasuka akaziangalia kwenye mwanga.

"Kijana, hizi ni ndogo. Weka za 80."

"Mzee, na shoti ikija?"

"Shoti itakuta mwanaume."

Nikaweka za 80 kwa sababu ni mzee wangu. Nikaipiga shoti. Ikalia kwa sauti kubwa kuliko ya kwanza. Ukifikiria inaeleweka: IGBT kubwa inagoma kwa mkondo mkubwa zaidi. Badala ya 200 inaruhusu 400, na wati za kuichoma zinaongezeka nayo. Ukubwa unakusaidia kwa kazi ya kila siku, joto linapungua, maisha yanarefuka. Kwa shoti umemwongezea adui chakula. Ndio maana zile video za "funga mosifeti nane sambamba" hunichekesha siku hizi, kicheko cha uchungu, maana nane zikipigwa shoti bila mlinzi unanunua nane.

Kinachofanya kazi ni draiva yenye macho. Jina lake la kazi ni desati, na wazo lake ni rahisi hadi inaudhi. Transista ikiwa imewashwa vizuri, volti kati ya kolekta na emita ni ndogo. Kama umeiwasha na bado volti hiyo iko juu, kuna kitu kibaya. Ni kama mfereji. Ukiufungua wote, maji yanapita na presha haibaki kwenye mfereji wenyewe. Ukikuta presha yote ya tangi inaishia kwenye mfereji ulio wazi, jua bomba la mbele limepasuka.

Draiva kama HCPL-316J, iliyotoka enzi za Agilent na sasa iko chini ya Broadcom, ina mguu mmoja wa kazi hiyo. Unaunganisha ule mguu kwa kolekta kupitia rezista ya omu 100 na diodi ya volti nyingi. Mguu unasukuma mkondo mdogo wa maikroampea 250. Kolekta ikiwa chini, mkondo unakimbilia huko. Kolekta ikipanda, diodi inafunga, na ule mkondo unaanza kujaza kapasita ndogo iliyo pembeni. Ikifika volti 7, draiva inazima geti yenyewe, haingoji ruhusa ya kidhibiti, halafu inatuma ujumbe kwamba kumeharibika. Diodi nayo inakula kama volti 0.7, kwa hivyo ukweli ni kwamba kolekta ikifika 6.3 hivi umeshakamatwa. Ukitaka ikamate mapema zaidi, weka diodi mbili mfululizo.

Ile kapasita ndogo ndiyo roho ya saketi yote, na ndiyo watu huharibu. Iko pale kwa sababu transista ikiwashwa, kolekta haishuki papo hapo. Lazima draiva ifumbe macho kidogo, la sivyo itajizima kila mkupuo. Muda wa kufumba macho ni kapasita mara volti, gawanya kwa mkondo. Kwa pikofaradi 100, volti 7 na maikroampea 250 unapata maikrosekunde 2.8. Ongeza muda wa kuzima wenyewe, na bado uko ndani ya 10.

Bodi yangu ya kwanza ya hivi ilikuwa inajizima ovyo. Washa blenda, tik. Washa feni, tik. Saa sita usiku, macho mekundu, nikafanya kile kila mtu hufanya: nikatoa kapasita ya 100 nikaweka ya 470. Ikatulia kabisa. Nikalala kama mfalme. Asubuhi nikapiga hesabu: 470 mara 7, gawanya kwa 250, maikrosekunde 13.2. Transista inakufa kwa 10. Nilikuwa nimeajiri mlinzi ambaye huamka wezi wakishafika kwao.

Hapa nataka mnisikize, kwa sababu nadhani ndipo ubaya mwingi ulipo, hata kwa mashine ambazo mchoro wake una desati. Ukifungua unaiona, diodi ipo, kapasita ipo, kila mtu anaridhika. Lakini kuna mtu aliongeza kapasita ndio asisumbuliwe na kelele, na tangu siku hiyo ule ulinzi ni pambo. Hutaligundua kwa kuangalia. Hutaligundua kwa kuwasha blenda. Litajulikana siku ya shoti.

Shida yangu ya kweli ilikuwa mambo mawili. Nilitumia diodi ya 1N4007 kwa sababu ndiyo ilikuwa kwa droo, na hiyo ni ya polepole. Volti ya kolekta ikiruka juu, inachelewa kufunga na kuvujisha mkondo hadi kwenye mguu wa desati. Nikaweka UF4007, ambayo hufunga kwa nanosekunde 75. Pili, waya wa kwenda kolekta ulikuwa mrefu na ulipita juu ya koili, yaani nilikuwa nimejenga antena. Nikaufupisha hadi ukawa karibu hauonekani. Nikarudisha pikofaradi 100. Kimya.

Kuna mtego mwingine, na huu ulinila transista mbili zaidi. Umeikamata shoti kwa maikrosekunde tatu, hongera. Sasa unazima ampea 200. Ukizizima ghafla, nyaya zenyewe zinakasirika. Sentimita 10 za waya zina kama nanohenri 100. Zangu kutoka kapasita hadi transista, kwenda na kurudi, zilikuwa sentimita 20, kwa hivyo 200. Ampea 200 zikikatwa ndani ya maikrosekunde 0.1, nanohenri 200 zinatoa volti 400 juu ya zile 380 zilizoko. Jumla 780 kwa transista ya volti 600. Umemwokoa mtu kwenye mto ukamgonga na gari barabarani. Ndio maana draiva nzuri zikiona shoti huzima pole, zinatoa chaji ya geti kidogo kidogo. Ukichukua maikrosekunde moja badala ya 0.1, zile volti 400 zinakuwa 40. Na fupisha nyaya, kwanza kabla ya yote fupisha nyaya.

Mambo mengine nayapitia haraka. Shoti ikija wakati transista tayari imewashwa, kolekta inayopanda inasukuma chaji hadi kwenye geti na kuipeleka juu ya 15, na mkondo wa shoti unaongezeka nayo. Weka zena ya volti 18 kati ya geti na emita, karibu kabisa na miguu. Ukishakamata shoti, zima daraja lote na ubaki umezima hadi mtu abonyeze kitufe. Usijaribu tena mkupuo unaofuata, maana transista bado ina moto wa ule wa kwanza. Na usitegemee desati peke yake. Chini ya daraja weka rezista ndogo ya kupima mkondo na komparata itakayozima kila kitu kabla koili haijashiba. LM393 ya kawaida hujibu kwa karibu maikrosekunde moja, na kwa shoti iliyo nje ya koili hiyo inatosha sana. Desati ibaki kwa ile siku transista za mguu mmoja zinawaka pamoja.

Wale wa boda za umeme, hii pia ni yenu. Huko ni mosifeti na volti 48 ama 72, na mosifeti za volti ndogo hukamatwa vizuri zaidi kwa rezista ya kupima mkondo. Lakini hesabu ni ileile, na mashine yenu ina mtu juu yake. Kontrola ikifa na transista zimeshikana, mota inaweza kugeuka breki ambayo hukuikanyaga. Na wale mnaotamani silikoni kabaidi kwa sababu ni ya kisasa: nyingi huvumilia shoti maikrosekunde 2 ama 3 tu. Saketi ya IGBT ukiihamisha vile ilivyo unaenda kuomboleza.

Sasa kupiga shoti kwenyewe. Usichome nyaya kwa soketi ukiomba Mungu. Mimi naunganisha transista ya juu kwa kipande cha shaba kinene, ili ile ya chini ikiwashwa ikutane na shoti kamili. Kapasita nazijaza kupitia taa ya wati 100 iliyofungwa mfululizo, ile ile fundi wa redio hutumia, halafu nakata chanzo. Zinabaki kapasita peke yake. Kila kitu kiko ndani ya boksi la mbao lenye kifuniko, niko na miwani, na kuna mtu mwingine ndani ya nyumba anayejua swichi iko wapi. Kidhibiti kinatoa mkupuo mmoja tu. Naanza na volti 50, naangalia osiloskopu, 100, 200, halafu 380. Narudia bodi ikiwa imepata moto, kwa sababu inveta hazipigwi shoti zikiwa baridi. Osiloskopu si yangu, naikodisha kwa jamaa fulani siku moja moja.

Mara ya kwanza kwa volti 380 nilifunga macho, sitawadanganya. Nilisikia tik. Nikafungua, geti ilikuwa imeanza kushuka baada ya maikrosekunde 3 na kitu, taa nyekundu inawaka, transista nzima. Nikarudia mara kumi. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Najua mtasema wateja hawalipii vitu wasivyoviona. Ni kweli, na nimepoteza kazi mbili mwezi huu kwa mtu anayeuza bei ya chini. Lakini tofauti kati ya draiva isiyo na macho na ile yenye macho, kwa bei niliyonunua, ni chini ya sahani ya chipo na kuku kwa kila transista. Transista ziko nne. Tunabishana juu ya chakula cha mchana cha siku nne, na ng'ambo ya mizani kuna mayai 264. Halafu mimi sina cheti. Mwenye digrii anaweza kuonyesha karatasi. Mimi naweza kuonyesha nini, tisheti? Naweza kukuonyesha waya ukiwekwa na mashine ikikataa kufa. Na mwenye digrii pia ningependa anionyeshe hiyo.

Ile video nimeitoa. Mchoro mpya nitauweka nikishaupiga shoti kwa transista kutoka maduka matatu tofauti, kwa sababu bandia zipo na sitaki kurudi hapa kuomba msamaha tena.

Jumamosi iliyopita nilirudi Ruiru. Nilimwambia mama ukweli wote, pamoja na ile stima iliyorudi na nguvu. Alinyamaza muda mrefu, akiwapa kuku maji. Nikamrudishia pesa ya transista na ya nauli, nikamwekea inveta mpya bila malipo. Akasema subiri. Akaenda nyuma ya banda akarudi na ileile ekstensheni, alikuwa ameihifadhi, na mahali panya alikula panaonekana shaba. Hakuniuliza. Akabana zile nyaya pamoja kwa koleo huku plagi ikiwa nje, akazifunga kwa tepu, akaiweka sakafuni mbali na sisi, kisha akachomeka.

Tik. Taa nyekundu.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu, mama."

Akachomoa, akabonyeza kitufe, taa ya inkubeta ikarudi. Akachomeka tena ekstensheni, mara ya pili, ya tatu, ya nne, kila mara akiniangalia mimi badala ya mashine. Halafu akaingia ndani akaleta mayai. Aliweka trei moja, 88. Zile trei zingine mbili amesema ataniambia baada ya siku 21.